Tundu kwenye nguo ya mtumba: uunganishe kingo, ufume, utie kiraka au umpelekee fundi?

Ukipita kwenye mitumba ya Mlango Mmoja au Makoroboi, hapa Mwanza, si vigumu kukuta jinzi imara iliyoshushwa bei kwa sababu msamba umelika, sweta la sufu lenye matundu mawili ya nondo, au shati zuri la pamba lililonasa kwenye msumari. Mnunuzi anasita. Anajua nguo inatengenezeka, ila hajui aitengeneze vipi: ashone kingo zikutane, afume tundu kwa uzi, atie kiraka, au ampelekee fundi wa cherehani? Njia zote nne zinafanya kazi, na kila moja ina nguo ambayo itaiharibu.

Wengi huanza kwa kupima ukubwa wa tundu. Anza na kitambaa kilichobaki pembeni mwake. Ukishonea kwenye kitambaa kilichochoka, mshono wako utabaki mzima na nguo itachanika kandokando ya mshono baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Hilo ndilo kosa linalowafanya watu waseme kushona kwa mkono hakudumu, wakati uzi haukuwa na tatizo lolote.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Hali ya kitambaa. Inua nguo uelekeze kwenye mwanga wa jua, utazame kwa ndani. Sehemu iliyolika huonekana kama wavu, na mara nyingi ni pana kuliko tundu lenyewe. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba na vya shahada, sm 1 kutoka kwenye tundu, uvute kidogo. Kikitoa mlio wa kuchanika au nyuzi zikaachana, hapo hapawezi kubeba mshono. Sogea nje mpaka upate pazima, na upime umbali huo. Ukubwa wa kazi yako ni eneo hilo lote, si tundu pekee.

Aina ya kitambaa. Mashati, jinzi, suruali za kitambaa na mashuka yana mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana. Hayavutiki sana. Tisheti, sweta, soksi na nguo za michezo zimetengenezwa kwa vitanzi vinavyoshikana. Uzi mmoja ukikatika, vitanzi vilivyo juu na chini huachia na tundu linapanda kama ngazi. Nguo ya vitanzi inahitaji mshono unaovutika nayo.

Kitambaa kimepotea au kimetatuka tu? Laza nguo mezani bila kuivuta. Kingo zikikutana zenyewe, hakuna kilichopotea. Zikibaki na pengo, kuna kitambaa ambacho hakipo tena na lazima ulete kingine.

Mahali. Msamba, magoti, viwiko na kwapa vinavutwa na kusuguliwa kila siku. Mgongo wa shati au upindo wa sketi haupati shida hiyo.

Yanabaki mawili yanayokuhusu wewe: kama unajali kutengenezwa kuonekane, na una muda gani.

Jambo moja halina mjadala, lolote utakalochagua: fua nguo kwanza na uikaushe kabisa. Uchafu uliojificha hufanya kitambaa kionekane kigumu na kizima kuliko kilivyo. Sweta lenye matundu ya nondo lifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza kwa wiki moja kabla ya kuguswa, maana mayai yakibaki, viwavi vitakula kando ya kazi yako na kuhamia kwenye nguo nyingine kabatini.

Uzi na sindano

Kwa shati au gauni jepesi tumia sindano nyembamba, namba 9. Kwa kitambaa cha wastani, namba 7. Kwa jinzi, sindano nene yenye tundu kubwa, pamoja na subana (kikinga cha kidole) kidoleni, kwa sababu mahali mishono inapokutana huwa na tabaka nne au zaidi. Kwa tisheti na sweta tafuta sindano yenye ncha butu kidogo. Ile kali hukata vitanzi badala ya kupita katikati yake.

Kata uzi wa urefu wa sm 45 hadi 50, karibu sawa na kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko. Watu hutunga uzi mrefu ili wasirudie kutunga, halafu unajisokota, unapiga fundo katikati ya kazi na kuchakaa kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi. Ukijisokota, achia sindano ining'inie, itazunguka na kujinyoosha.

Tuseme wazi kuhusu uzi wa nyavu, kwa kuwa huku kwetu kando ya ziwa unapatikana kirahisi na unavutia kwa uimara wake. Ni mzuri kwa mkanda wa begi, turubai na mkoba wa soko. Kwenye shati au suruali usiutumie. Ni wa nailoni, wenye uso laini lakini mgumu: mafundo yake huteleza, na ukivutwa unakata pamba kama kisu. Nailoni ya kawaida pia huyeyuka karibu na nyuzi joto 220, na pasi ya mkaa haina kipimo cha kukuonya. Kanuni ya uzi ni kwamba usizidi nguvu ya kitambaa. Kikitokea kivuto kikubwa, heri ukatike uzi, kwa sababu uzi unarudishiwa.

Njia ya kwanza: kuunganisha kingo

Inapofaa. Mshono uliofumuka, kwapa iliyoachia, na mpasuko wa msumari ambao kingo zake zinakutana zenyewe.

Inavyofanywa. Mshono uliofumuka ndio kazi rahisi kuliko zote. Geuza nguo, utaona vitundu vya sindano ya zamani, vifuate. Anza sm 2 kabla ya pengo, umalizie sm 2 baada yake, juu ya mshono ambao bado mzima. Shona kwa kurudi nyuma: sindano inaingia nyuma ya uzi uliotoka, inatokea mbele, kila hatua mm 2 hadi 3. Kwenye tisheti, kila baada ya hatua tano au sita vuta kitambaa kidogo kwa mkono ili uzi upate nafasi. Usipofanya hivyo utakatika siku ya kwanza ukivua nguo kupitia kichwani.

Mpasuko wa katikati ya kitambaa unataka mshono unaofanana na mifupa ya samaki. Sindano inatokea mm 3 upande wa kulia, inazama kwenye mpasuko, inatokea upande wa kushoto, inazama tena kwenye mpasuko, na kuendelea. Hatua zipishane, moja mm 3, inayofuata mm 5. Zikiwa sawa zote, vitundu vinajipanga kwenye mstari mmoja na kitambaa kitachanika hapo. Mpasuko ukiwa na pembe, anzia kwenye pembe uende nje pande zote mbili. Nyuma weka kipande chepesi cha pamba kinachozidi mpasuko kwa sm 1 kila upande, ushone kupitia vyote viwili.

Inavyoharibika. Kosa kubwa ni kulazimisha kingo zikutane wakati kitambaa kimepotea. Nguo inavuta, inatengeneza nundu, na mvuto huo unachana upande wa pili. Kosa lingine ni kukaza uzi. Kingo ziguse, zisipandane.

Muda. Mshono wa sm 10 unachukua kama robo saa. Mpasuko wa urefu huohuo unaweza kula saa nzima.

Inamfaa nani. Anayeanza, na muuzaji mwenye rundo la nguo za kurekebisha kabla ya kuzitundika. Mshono uliorudishwa vizuri hauonekani kabisa.

Njia ya pili: kufuma tundu

Inapofaa. Tundu dogo, lisilozidi sm 2 hadi 3, kwenye sweta, soksi nzito, au kitambaa chenye nyuzi zinazoonekana kwa macho. Ndiyo njia bora kwa matundu ya nondo. Kwenye tisheti nyembamba haifai, kwa sababu kilichofumwa kinakuwa kinene kuliko nguo na kinaivuta.

Inavyofanywa. Tafuta uzi wa unene uleule na nguo. Chanzo kizuri ni nguo yenyewe: ndani ya pindo au penye mshono mkubwa kuna nyuzi za ziada, na masweta mengine huja na kipande cha uzi kilichofungwa kwenye lebo ya ndani. Ukikosa, sweta lililokufa la rangi inayokaribiana litakupa uzi wa miaka.

Weka kitu cha mviringo chini ya tundu: balbu iliyoungua, kibuyu kidogo, hata limao kubwa. Usinyooshe nguo juu yake, ilaze tu. Kama ni nguo ya vitanzi, kwanza shika kila kitanzi kilichoachia kwa uzi mwembamba kisiendelee kushuka.

Usipige fundo. Acha mkia wa sm 5, uanze kupiga bandi ndogondogo, yaani sindano iingie na kutoka kwa mstari mmoja, kwenye kitambaa kizima, sm 1 nje ya tundu. Panda, geuka, shuka, mistari ikikaribiana kwa unene wa uzi mmoja. Kila unapogeuka acha kitanzi kidogo sana, mm 1 hivi, kwa sababu uzi utasinyaa ukifuliwa. Ukifika kwenye tundu, vuka juu yake na uendelee upande wa pili. Hiyo ndiyo mtande yako. Kisha geuza mwelekeo: pita juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, na mstari unaorudi ufanye kinyume. Kila mistari miwili mitatu, sukuma nyuzi zikaribiane kwa ncha ya sindano. Mwishoni chomeka mikia ndani ya ufumaji kwa upande wa nyuma.

Inavyoharibika. Kuanzia ukingoni kabisa mwa tundu ndicho chanzo cha kazi nyingi kubomoka, kwa kuwa nyuzi zimeshikilia ukingo uliokwisha kulika. Kukaza ni kosa la pili, tundu linajikunja kama mdomo wa mfuko wa kamba. La tatu ni uzi usioendana: sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa husinyaa, wakati uzi wa poliesta haubadiliki, kwa hiyo sehemu uliyofuma inabaki imefura. Sweta la sufu lifuliwe kwa maji baridi na likaushwe limelazwa kivulini.

Muda. Tundu la sm 1 ni nusu saa au zaidi kwa mkono ambao haujazoea.

Inamfaa nani. Mwenye subira, anayetaka nguo ibaki laini na ivutike. Pia anayependa kazi ionekane: uzi wa rangi tofauti hugeuza tundu kuwa pambo, na kwenye sweta la mtoto unaweza kufuma matundu matatu kwa rangi tatu.

Njia ya tatu: kiraka

Hapa ndipo jinzi nyingi za mtumba zinapookolewa, na ndipo zinapoharibiwa zaidi.

Inapofaa. Kitambaa kimepotea au kimelika eneo pana: msamba, goti, kiwiko, makalio ya suruali. Kiraka cha ndani huficha kazi. Cha juu hubeba msuguano kwa niaba ya nguo. Kwa msamba weka ndani. Kwa goti la suruali ya kazi au ya mtoto weka juu, ili kilike kiraka na si nguo.

Kuchagua kitambaa. Kiraka kiwe na uzito sawa na nguo au kipungue kidogo. Kiraka kizito kwenye suruali nyepesi hukata pembeni mwake. Kitenge au khanga mpya vifuliwe kwanza, mara mbili ikibidi, mpaka wanga utoke na visinyae. Usipofanya hivyo kiraka kitasinyaa baadaye kikiwa kimeshashonwa na nguo itajikunja. Kwa sababu hiyohiyo kipande cha mtumba mwingine kina faida, kwani kimeshafuliwa mara nyingi na mwenyewe wa kwanza. Jinzi moja iliyochakaa kabisa, ukiikata miguu, inatoa viraka vya kutosha nyingine kadhaa. Jinzi inayovutika ipewe kiraka kinachovutika.

Inavyofanywa. Kwa msamba wa jinzi:

Geuza suruali. Kwa chaki au kipande cha sabuni kikavu, chora mpaka wa eneo lote lililolika kama ulivyoliona kwenye mwanga. Ongeza sm 2 hadi 3 kila upande. Kata kiraka cha umbo la yai, kwa kuwa pembe kali ndizo huanza kubanduka. Nyuzi za wima za kiraka zielekee upande uleule na nyuzi za wima za suruali. Ukikilaza mshazari, kiraka kitavutika na suruali haitavutika, au kinyume chake.

Mahali mishono minne ya msamba inapokutana pana nundu, na kiraka kimoja kikubwa hakikai. Kata vipande viwili, kila kimoja upande wake wa mshono, mpaka wake ukiishia kando ya mshono bila kuupanda. Shikiza kwa bandi kubwa za uzi wa rangi tofauti, kisha uvae suruali na uchuchumae. Kikivuta, fumua na ukilegeze sasa, kabla hujashona kwa kudumu.

Sasa shona mistari ya bandi inayofuata urefu wa nguo, kila mstari mm 5 kutoka mwenzake, hatua za mm 3, kuanzia nje ya eneo lililolika upande mmoja hadi nje yake upande wa pili. Usiishie yote kwenye mstari mmoja. Mwingine uwe mrefu, mwingine mfupi, ili mvuto usambae. Zungusha ukingo wa kiraka kwa mshono wa kupandia, yaani uzi unaopita juu ya ukingo kila hatua. Tundu lenyewe, kwa nje, lizungushiwe hatua ndogondogo zinazoshika nyuzi zilizochomoza. Usizikate nyuzi hizo. Zilaze na uzishonee, zinaongeza nguvu.

Kiraka cha juu kinafuata hatua hizohizo, ila kata ukizidisha sm 1 ya kupinda kingo kwa ndani, piga pasi pindo, ndipo ushone.

Inavyoharibika. Kiraka kidogo kupita kiasi. Karibu kila kiraka kilichochanika upya pembeni kilishonewa kwenye kitambaa kilicholika hadi kuwa cheupe. Ukiwa na shaka, ongeza sm 1. Angalia pia jinzi zenye lastiki: ukiona vinyweleo vyeupe vya mpira vimechomoza magotini na makalioni, lastiki imekatika na kitambaa hicho hakitarudi. Kiraka kitashika, suruali itabaki imelegea.

Muda. Saa moja na nusu hadi tatu kwa msamba. Goti ni chini ya hapo, ingawa kupitisha mkono ndani ya mguu mwembamba kunachosha.

Inamfaa nani. Anayevaa nguo ya kazi, dereva wa bodaboda, mzazi wa mtoto anayetambaa au kucheza mpira, na yeyote aliyepata jinzi nzito ambayo kitambaa chake kingine ni kizima.

Njia ya nne: fundi wa cherehani

Inapofaa. Msamba na magoti ya jinzi nzito, zipu, kola ya kugeuzwa, na nguo nyingi kwa mara moja. Cherehani ikipigwa kwenda na kurudi juu ya kiraka inatoa kazi imara kwa dakika chache.

Inavyoharibika. Kipande kinakuwa kigumu, na kwenye msamba ugumu huo unasugua paja. Mashine ya mshono ulionyooka hufanya tisheti iwe na mawimbi, na mshono unakatika ukivutwa. Mguu mwembamba wa suruali au mkono wa shati hauingii kwenye mashine mpaka mshono wa pembeni ufumuliwe, na fundi mwenye haraka hupenda kukwepa hatua hiyo. Mwambie mapema. Mwoneshe pia eneo lililolika, si tundu tu, na umpelekee kiraka chako mwenyewe kilichofuliwa.

Muda na gharama. Kwako ni kwenda na kurudi. Patana bei kabla ya kuacha nguo, kisha ujumlishe na bei ya nguo yenyewe. Kwa tisheti ya bei ya chini hesabu hiyo mara nyingi haikubali.

Inamfaa nani. Asiye na muda, na mwenye nguo nzito isiyovutika.

Neno kuhusu stifu ya gundi, kitambaa chepesi chenye gundi inayoshika kwa moto wa pasi. Watu wengi huibandika kwa pasi nyuma ya tundu la tisheti na kuishia hapo. Kama msaada inafaa: kipande cha mviringo cha sm 2 nyuma ya kitundu kidogo, kisha hatua chache za uzi juu yake. Peke yake hubanduka kingo baada ya kufuliwa, hasa kama pasi haikupata moto wa kutosha. Jaketi la nailoni lisiguswe nayo kabisa.

Ukiwa katika hali hii

Tisheti yenye vitundu vya ukubwa wa punje ya mtama: kusanya vitanzi kwa uzi mmoja mwembamba upande wa nyuma, hatua tatu nne, usikaze. Dakika tano.

Sweta la sufu lenye matundu ya nondo: friza, kufua, kufuma. Matundu yakizidi kumi na yametapakaa, liache, au linunue kwa ajili ya uzi.

Shati la ofisini lililotatuka kwa msumari: unganisha kingo kwa mifupa ya samaki na kipande chepesi nyuma, uzi wa rangi ya shati ukiwa umekolea kidogo kuliko kitambaa, kwa sababu uzi uliopauka huonekana zaidi.

Jinzi iliyolika msamba na unayo jioni nzima: kiraka cha ndani kwa mkono. Huna jioni hiyo, na jinzi ni nzito: fundi, ukiwa na kiraka chako.

Jaketi la nailoni la mvuvi wa dagaa anayeshinda usiku ziwani, lililochanika begani: kiraka cha juu cha nailoni nyingine, kwa mfano kutoka kwenye mwavuli uliovunjika, uzi wa poliesta, hatua za mm 3, bila pasi. Kila kitundu cha sindano ni njia ya maji, kwa hiyo mstari mmoja wa kuzunguka unatosha. Mstari huo upakwe nta kwa ndani.

Unanunua ili uuze: chukua nguo zenye mishono iliyofumuka, acha zenye msamba uliolika. Faida iko kwenye robo saa, si kwenye saa tatu.

Nguo ambayo kitambaa kinachanika popote unapokishika: hakuna njia kati ya hizi nne itakayoishika. Ondoa zipu na vifungo, kata sehemu nzima uziweke kwenye mfuko wa viraka.